Kundi letu la wafugaji limejaa watu, lakini waliokuwa wakijibu wamenyamaza

"Mimi ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kundi la WhatsApp la wafugaji wa kuku wa kienyeji na chotara. Tulilianzisha mwaka 2020 tukiwa watu kama arobaini, sasa tuko 640. Zamani mtu akiuliza asubuhi, adhuhuri haifiki kabla hajapata majibu ya maana. Siku hizi ni picha za 'asubuhi njema', matangazo ya vifaranga, siasa na meseji za kusambaza kwa watu kumi. Daktari wa mifugo aliyekuwa akitusaidia hajaandika tangu mwaka jana. Wasimamizi wenzangu wamebaki majina tu. Mwezi uliopita mwanachama mmoja alituma hela ya vifaranga kwa mtu aliyetangaza kundini, hakupata kitu, sasa anasema wasimamizi tumlipe. Wapo wanaotaka waandike wasimamizi pekee, wapo wanaotaka tuhamie Telegram, wengine wanasema kila mtu alipe 2,000 kwa mwezi. Kazi hii naifanya bure, usiku, na nimechoka. Je, tulifunge tu?"

Ndugu yangu, pole na kazi. Umeuliza kuhusu kufunga, lakini ndani ya ujumbe wako kuna mambo matatu yaliyoshikana: watu wa kujibu wameondoka, usimamizi umemwelemea mtu mmoja, na unadaiwa hela ambayo hujui kama inakuhusu. Nitayagusa yote, ila nitakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa kuwa hilo likitengemaa mengine yanapungua uzito. Kwa sasa usifunge, usihame, wala usitoze ada.

Tuanze na dhana inayowakosesha usingizi wasimamizi wengi: kwamba kundi linakufa kwa sababu watu mia sita hawaandiki. Kutoandika kwa walio wengi ni jambo la kawaida kabisa. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika kuhusu uwiano unaoonekana kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni: katika kila watu 100, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Ni makadirio tu, lakini yanasaidia kufikiri. Kwa watu 640, maana yake ni kwamba sita au saba ndio wanaolibeba kundi. Wasomaji kimya si mzigo. Wengi wao huchanja kuku wao kwa sababu walisoma jibu alilopewa mwingine. Ila wakinyamaza watatu kati ya wale sita, umepoteza nusu ya kundi, hata kama idadi ya wanachama haijapungua hata mmoja.

Dhana ya pili ni kwamba wanachama wapya watafidia. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 kwenye kundi moja, na wasimamizi wengi huichukulia namba hiyo kama lengo la kufikia. Fikiria mgeni anakuja na nini. Swali analo siku ileile ya kuingia. Jibu la kuwasaidia wenzake atakuwa nalo baada ya kulea kuku misimu miwili au mitatu, akiwa bado yupo. Kwa hiyo kila mnapoingiza watu 50 kwa mpigo, mnaongeza maswali 50 juu ya watu walewale sita. Kundi linapokua haraka kuliko wajibuji wake, linajichosha lenyewe.

Sasa, kwa nini anayejibu hunyamaza? Mara chache ni kwa hasira. Huwa anachoka taratibu, na kuchoka huko kuna sababu zake.

Anafungua simu jioni anakuta meseji 180. Ndani yake kuna maswali mawili yanayomhusu, na ili ayapate apitie picha za maua, video na mabishano ya uchaguzi, tena kwa bando lake mwenyewe. Anafanya hivyo wiki ya kwanza, ya pili, kisha anaweka kundi kwenye ukimya, mwisho analiweka kwenye kumbukumbu asilione tena. Hajaondoka, jina lake bado lipo, na ninyi mnashangaa kwa nini haongei.

Akiyapata maswali, anakuta ni yaleyale. Kwa kawaida anayejiunga na kundi la WhatsApp hakuti mazungumzo ya nyuma, hivyo swali la kideri lililojibiwa vizuri Machi huulizwa upya Aprili, Mei na Juni. Kumweleza mtu jambo mara ya kwanza kuna raha yake. Mara ya ishirini hakuna.

Tena swali lenyewe huja hivi: "Jamani kuku wangu wanakufa nisaidieni." Kabla ya kusema chochote cha maana, mjibuji lazima aulize umri wa kuku, idadi yao, wangapi wamekufa, kwa siku ngapi, wana dalili gani, walichanjwa nini na lini, wanakula nini. Hayo ni maswali saba kabla ya jibu moja, na muulizaji huenda akarudi kesho yake.

Wakati mjibuji makini anauliza hayo, mwingine ameshaandika: "Wape OTC, watapona." Hapa ndipo panapouma zaidi. Jibu lisilo sahihi huandikwa haraka kuliko lililo sahihi, kwa sababu halihitaji kujua chochote. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, husababishwa na virusi, na antibayotiki kama hiyo OTC haiui virusi. Chanjo yake ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kila kuku aliye mzima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Daktari anayejua hili akibishana kila wiki na mtu wa "wape OTC", tena aambiwe anajiona, siku moja atafunga simu akalale.

La mwisho: namba zenu zinaonekana. Kila anayejibu vizuri hadharani hugeuzwa huduma ya bure faraghani. Anapigiwa saa tano usiku na mtu asiyemjua, anatumiwa picha za kinyesi cha kuku akiwa kanisani au msikitini. Daktari wa mifugo ana la ziada: anaombwa atoe hukumu juu ya ndege asiyemwona, na mambo yakiharibika jina linalochafuka ni lake.

Ukiyaelewa haya utaona kwamba kazi ya msimamizi ni kumlinda anayejibu. Kila hatua unayofikiria, ipime kwa swali moja: je, inapunguza mzigo wake au inauongeza?

Anza na simu. Rudi nyuma kwenye mazungumzo, miezi mitatu au mwaka ikibidi, uandike majina ya watu ambao majibu yao yalifuatiwa na shukrani au na "nimefanya hivyo imesaidia". Utapata kama kumi au kumi na watano. Wapigie mmojammoja, kwa jambo hili meseji haitoshi. Waulize maswali mawili tu: nini kilikufanya uache kuandika, na ni kitu gani kikibadilika utarudi. Sikiliza, andika, usijitetee. Kwa daktari nenda na pendekezo lenye mipaka: saa moja kwa wiki, tuseme Jumatano saa mbili usiku, maswali yakusanywe na msimamizi kuanzia Jumatatu, yachujwe yabaki matano, asipigiwe wala kuandikiwa faraghani, naye aeleze kwa ujumla, asitoe dawa kwa kuku asiyemwona. Mweleze pia kwamba mwanachama anayetaka aje bandani atamlipa kama mteja mwingine yeyote. Watu wengi wa kazi hii hukubali saa moja yenye mwisho. Wanachokikimbia ni isiyo na mwisho. Lakini usiahidi usichoweza kukilinda: ukisema hatapigiwa, anayempiga bila ruhusa lazima aonywe siku hiyohiyo.

Hatua inayofuata ni kutenganisha vyumba. Tangu mwaka 2022 WhatsApp ina sehemu ya Jumuiya, inayokuruhusu kuweka makundi kadhaa chini ya paa moja pamoja na ubao wa matangazo wa wasimamizi. Ingiza humo kundi lenu la sasa, kisha ongeza mawili. Kundi la zamani liite Maswali. La pili Soko, ambako vifaranga, mayai, vyakula na mabanda hutangazwa. La tatu Baraza, mahali pa salamu, pongezi, misiba na soga. Yasizidi matatu, mkifungua nane, sita yatabaki matupu na mtu hatajua aandike wapi.

Kuna wasimamizi wanaotaka kupiga marufuku biashara moja kwa moja. Sishauri hivyo. Wafugaji wanahitaji vifaranga, na muuzaji naye ni mwanachama. Ukimfukuza Soko atahamia kwenye simu za watu faraghani, ambako huoni kinachoendelea. Vivyo hivyo salamu. Kwetu mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza kuuliza bila kuamkia, na kumwambia mzee aliyesema "habari za asubuhi" kwamba anachafua kundi ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Mwekeeni utaratibu: kwenye Maswali, salamu iandikwe mwanzoni mwa swali lenyewe, picha na video za salamu zina nafasi yake Baraza.

Kisha bandikeni namna ya kuuliza. Iwe fupi, inakilika, mtu ajaze tu:

"Salamu. Niko wilaya ya … Kuku wangu ni (kienyeji / chotara / wa mayai / wa nyama), umri wiki … , idadi … Tatizo limeanza siku … zilizopita. Dalili ninazoziona: … Waliokufa mpaka sasa: … Chanjo walizopata na tarehe: … Wanakula: … Nimeshawapa dawa ya: … Swali langu ni: …"

Mtu akiuliza bila kujaza, msimamizi wa zamu amtumie fomu hiyo kwa upole, na wengine wasijibu mpaka aijaze. Wiki mbili za kwanza mtaonekana wagumu. Baada ya hapo wanachama wenyewe ndio wataanza kukumbushana. Na ongezeni sharti moja dogo ambalo hurudisha wajibuji kuliko lolote lingine: aliyesaidiwa arudi ndani ya siku saba kusema kilichotokea, hata kama kuku wamekufa. Mjibuji asiyejua kama jibu lake lilifaa anapoteza hamu, na kundi zima linakosa kujifunza.

Dawa ya maswali yanayojirudia ni daftari la majibu. Fungueni waraka mmoja wa mtandaoni ambao kila mwenye kiungo anaweza kuusoma lakini wasimamizi pekee ndio wanaouhariri. Kila Ijumaa mtu mmoja achague jibu bora la wiki, alifupishe kwa maneno 150 hadi 200, aweke tarehe, na aombe ruhusa ya aliyejibu kabla ya kuandika jina lake. Yanayohusu dawa na chanjo yasiingie mpaka daktari ayapitie. Anzeni na yale yanayoulizwa kila mara: joto la kulelea vifaranga (nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha kupunguza kama nyuzi 3 kila wiki), ratiba ya chanjo za kideri, gumboro na ndui, minyoo, viroboto, kuku kudonoana, kuku kuacha kutaga. Maingizo ishirini yanatosha kujibu sehemu kubwa ya yanayoulizwa. Tengenezeni pia nakala ya PDF isiyo na picha nzito kwa wenye bando dogo. Ujumbe uliobandikwa juu kwenye WhatsApp hukaa saa 24, siku 7 au siku 30, kisha hushuka. Kwa hiyo kiungo cha daftari kiwekeni kwenye maelezo ya kundi, hapo hakiondoki.

Kuhusu kanuni, chache zinazotekelezwa zinafaa kuliko nyingi zilizoandikwa vizuri. Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza mifereji ya maji, malisho na misitu ya pamoja kwa vizazi. Zilizodumu zilifanana katika mambo kadhaa, na mawili yanawahusu ninyi moja kwa moja: watu walishiriki kutunga kanuni zinazowabana, na adhabu ilianza ndogo ikapanda kwa anayerudia. Makundi mengi ya WhatsApp hufanya kinyume. Miezi sita hakuna anayeonywa, halafu msimamizi akichemka anatoa watu watano usiku mmoja. Waliotolewa wanalalamika, waliobaki wanaogopa, na wa kwanza kuogopa ni yule mjibuji mpole.

Pangeni ngazi na muitangaze. Kosa la kwanza, msimamizi anaufuta ujumbe kwa wote na kumwandikia mhusika faraghani: "Habari ndugu, tangazo lako nimelifuta kwa sababu hapa ni Maswali. Liweke Soko, watu wataliona. Karibu sana." La pili, anatolewa kwa siku saba na kuambiwa tarehe ya kurudi. La tatu, anatolewa moja kwa moja, lakini kwa makubaliano ya wasimamizi wawili. Matusi ya kabila au dini, picha za uchi na utapeli hayapandi ngazi; anayefanya hayo anatoka papo hapo. Kila hatua iandikwe kwenye daftari la wasimamizi: tarehe, kosa, hatua, nani aliichukua. Siku mtu atakapouliza "mbona fulani hamkumtoa?", na siku hiyo itafika, mtakuwa na majibu.

Mnapolifunga kundi kwa wote ili waandike wasimamizi pekee, hamfungii fujo peke yake, mnafunga na maswali. Litabaki redio. Kitufe hicho kina matumizi mawili mazuri: usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, kama wanachama wamekubaliana; na ugomvi ukichemka, kwa muda wa saa kumi na mbili, ili watu walale juu yake.

Telegram nayo ina uzuri ambao siwezi kuukana. Kundi lake hubeba hadi watu 200,000, mgeni anaweza kuruhusiwa kusoma ya nyuma yote, linagawanyika kwa mada, na lina kipimo cha kumlazimisha mtu asubiri kabla ya kuandika tena. Kwa kundi la mafundi wa simu au wanafunzi wa chuo ningesema hameni. Kwa wafugaji walioenea wilayani, wengi wakiwa na bando la WhatsApp peke yake na simu iliyojaa, kuhama ni kuwaacha nyuma akina mama na wazee wenye uzoefu, yaani wale hasa mnaowahitaji. Anayehama haraka ni mpenda teknolojia, na huyo si lazima awe ndiye anayejibu. Tatizo lenu pia ni la utaratibu, mtahama nalo.

Ada ya 2,000 mtaiona tamu kwenye karatasi: watu 640 ni shilingi 1,280,000 kwa mwezi. Hawatalipa wote, na kazi ya kuwafuatilia wasiolipa itamwangukia huyohuyo aliyechoka. Kibaya zaidi, uhusiano unabadilika siku ileile. Aliyelipa anadai jibu, na anayejibu anauliza kwa nini hela zinaingia naye hapati kitu. Matumizi yenu halisi ni nini? Bando la wasimamizi, mkifika watano kama nitakavyoshauri hapa chini, tuseme 10,000 kila mmoja, ni 50,000 kwa mwezi. Hilo linatosha mchango wa hiari kila miezi mitatu, wenye kiasi kilichotajwa na hesabu inayowekwa wazi kwenye ubao wa matangazo. Hela isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Tafuteni akaunti ya kikundi ambayo kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Mkitaka kufanya makubwa zaidi, kama kununua chanjo kwa pamoja, hapo jisajilini kama kikundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Kitu kimoja nakisisitiza: msichukue hela kwa muuzaji ili kumtangaza. Mkichukua, siku akitapeli mtakuwa mmejifunga naye.

Hapo tunafika kwa mwanachama aliyetapeliwa. Kama hamkupokea hela, hamkuchukua kamisheni na hamkuandika popote "huyu tunamfahamu, ni mwaminifu", sioni msingi wa ninyi kumlipa, na kuchanga ili yaishe kutafungua mlango ambao hamtaweza kuufunga. Kama mojawapo ya hayo lilifanyika, jambo ni tofauti. Mwoneni wakili kabla ya kusema neno jingine hadharani. Kwa vyovyote msaidieni, kwa sababu ameumia akiwa kwenu. Apige picha ya skrini ya tangazo likionyesha namba na tarehe, kabla hamjalifuta. Atunze meseji ya muamala yenye namba ya kumbukumbu. Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake mara moja, kwani kila saa inayopita hela husogea mbali. Kwa Tanzania, namba inayotumika kitapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kisha aende kituo cha polisi akafungue taarifa, apate RB, yaani namba ya taarifa yake. Ninyi kundini andikeni ukweli mtupu: namba hii imelalamikiwa, mwenye nayo ameondolewa, msitume hela. Msiweke picha yake wala kumwita mwizi kabla hajathibitika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inambana pia anayesambaza taarifa za uongo, na mlalamikaji anaweza kuwa amekosea mtu.

Soko nalo lipewe kanuni zake, tatu tu: hela hulipwa mkononi mzigo ukionekana, oda ya kwanza kwa muuzaji mpya iwe ndogo, na wasimamizi hawamdhamini mtu yeyote. Orodha ya namba za wanachama asipewe muuzaji hata akiiomba vizuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Kenya wana yao ya mwaka 2019, lakini hata bila sheria hizo, watu walijiunga kwa ajili ya kuku, hawakujiunga ili wauzwe.

Sasa wewe. Wasimamizi watatu, wawili wakiwa majina, maana yake ni mmoja. Wapigie wenzako uwaulize kwa heshima kama wanabaki au wanapumzika. Kupumzika si aibu. Tafuta wengine wafike watano, uwachague kati ya watu watulivu, hata kama hawajui sana kuku. Anayejibu vizuri usimfanye msimamizi, utamwongezea mzigo uleule tunaoukwepa. Kila mmoja awe na siku yake ya zamu, na kazi ya zamu iwe na kipimo: dakika ishirini asubuhi, mchana na jioni, basi. Muhula uwe miezi sita. Mwenye zamu akiumwa, anayefuata anajua.

Mambo ya kiufundi yafanye leo hii. Washa idhini ya wasimamizi kwa wanaojiunga, kisha weka upya kiungo cha mwaliko, kwa sababu cha zamani kimeshazagaa. Pokeeni wageni siku moja kwa wiki, wasizidi kumi na watano, kila mmoja akiwa ametaja wilaya yake na idadi ya kuku alionao. Wakiingia pamoja mnawakaribisha mara moja na kuwaelekeza kwenye daftari. Kila msimamizi aweke PIN ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili, maana akaunti ya msimamizi ikiibwa, mwizi anaongea na watu 640 kwa jina lake. Na msibaki kamwe na msimamizi mmoja: akiondoka yeye, WhatsApp huchagua mwanachama yeyote na kumpa funguo.

Jipe miezi mitatu. Kila Jumapili hesabu vitu viwili: katika maswali ya wiki, mangapi yalijibiwa ndani ya saa 24 na mtu anayejua anachosema, na ni watu wangapi tofauti waliojibu. Idadi ya meseji usiihesabu kabisa. Mkifika maswali manane katika kumi, na hakuna mtu mmoja aliyejibu zaidi ya theluthi, mko salama. Mkibaki chini ya nusu, ligaweni kundi kwa wilaya, au mrudi kuwa watu sitini wanaofahamiana. Na kama hata hilo halina wa kulibeba, kufunga ni uamuzi halali. Toeni taarifa ya siku thelathini, kamilisheni daftari, mwacheni anayetaka kuendeleza aendeleze, kisha mfunge kwa shukrani.

Yapo yasiyotatulika kwenye simu. Wasimamizi wakigombana, msijibizane kwa ujumbe wa sauti. Kutaneni ana kwa ana, pamoja na mtu mmoja mnayemheshimu nyote. Ukiona hulali, unashtuka kila simu ikilia, au nyumbani wanalalamika kwamba haupo hata ukiwepo, kabidhi zamu wiki hiyohiyo bila kusubiri miezi mitatu, na hali ikiendelea mwone daktari. Na kuku wakianza kufa wengi kwa siku moja au mbili, hata kama fomu imejazwa vizuri na majibu yamejaa, mwambieni mwenye kuku asiuze wala asigawe aliobaki, asitupe mizoga ovyo, ampigie afisa mifugo wa kata yake kabla ya kuendelea kusoma majibu yenu.